Uso wa Kamanda Madevu Ukutani Madungu

Nilikwenda Pemba kwa sababu ya ukuta. Kassim, kinyozi wa Madungu pale Chake Chake, alinipigia simu akitaka nimchoree Kamanda Madevu nje ya duka lake: bereti, ndevu nyingi, macho ya kutazama mbali. Huku Unguja mimi ndiye mchoraji wa uso ule. Nimeuchora kwenye fulana, kwenye bajaji, hata kwenye keki ya harusi. Kamanda alikuwa mmoja wa vijana wa Mapinduzi, akafa kabla sijazaliwa. Nilimjua kwa picha tu.

Asubuhi ya Jumanne nilishuka Mkoani na makopo manne ya rangi, nikapanda gari ya Chake. Kassim alikuwa amekwisha kuupaka ukuta chokaa. Kufika adhuhuri, bereti na ndevu zilionekana kwa mistari ya mkaa.

Hapo akatoka Bi Zuwena, mwenye nyumba, anayekaa nyuma ya duka. Ni mama wa miaka sabini hivi, wa ukoo wenye asili ya Oman uliokuwa na mashamba ya mikarafuu zamani. Aliniuliza habari za Unguja, kisha akautazama ukuta.

"Huyu alimnyoa baba yangu," akasema.

Nilidhani Kamanda naye alikuwa kinyozi. Akanieleza, sauti haipandi wala haishuki. Miaka ile ya Mapinduzi baba yake alitolewa msikitini, akakalishwa barabarani, akanyolewa ndevu kavukavu huku watu wakilazimishwa kupiga makofi. Kamanda alisimama pembeni na ndevu zake, akiamrisha. Zuwena alikuwa na miaka minane. Baba yake hakutoka tena nyumbani mchana mpaka alipokufa. Hata hivyo hakunikataza kuchora. Alisema duka amelipangisha, basi ukuta ni wa Kassim.

Kassim alifedheheka, lakini hakutaka kuiacha picha yake. Akanishauri niende Makangale kwa Mzee Hamadi, aliyekuwa mfuasi wa Kamanda, nikasikie na upande wa pili.

Jumatano nilipanda gari mpaka Konde, kisha bodaboda kupitia msitu wa Ngezi. Nilimkuta Mzee Hamadi uani akichambua karafuu kwenye jamvi. Amepita miaka themanini, na alifurahi kuulizwa. Alikuwa kibarua wa kuchuma, hana hata mche wake. Kamanda akampa eka tatu, na kwa eka hizo watoto saba wakasoma.

Nikamtajia Bi Zuwena, nikamuuliza kuhusu baba yake aliyenyolewa Madungu. Mikono yake ikasimama.

"Mimi ndiye niliyemshika kichwa," akasema. "Na aliyeniamrisha ndiye aliyenipa shamba. Sasa weye wataka nikitupe kipi?"

Nilipoaga, akaniomba nimwombee radhi kwa binti wa yule mzee.

Alhamisi nilimkuta Bi Zuwena akisuka ukili wa mkeka. Nikamfikishia. Akajibu huku akisuka.

"Radhi haitumwi kwa mgeni. Kama miguu anayo, aje."

Nikarudi ukutani. Nikamwambia Kassim siwezi. Alikasirika, akasema vijana wanaupenda uso ule na wachoraji wako wengi. Tulibishana mpaka alasiri. Mwisho nikaifuta mistari ya mkaa, nikamchorea mkasi na kitana, akapokea shingo upande.

Ijumaa, baada ya sala, niliondoka. Wiki mbili baadaye Kassim alinipigia simu kunieleza. Mzee Hamadi alikuja, amevaa kanzu, akapiga hodi. Bi Zuwena akamfungulia. Walikaa mpaka kahawa ikapoa, na walichosemezana hakuna aliyekisikia.

Fulana za Kamanda bado zinatakiwa. Siku hizi, kabla sijashika brashi, namwambia mteja yote mawili: mtu huyu aligawa ardhi, na mtu huyu alidhalilisha wazee wa watu. Wengine huondoka. Anayebaki namchorea, maana kumficha Kamanda si kazi yangu, na kumsafisha pia si kazi yangu. Hilo ndilo nililorudi nalo kutoka Pemba.

Mpaka leo ni msichana mmoja tu aliyeniuliza zaidi. Alitaka kujua yule mzee aliyenyolewa aliitwa nani. Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Siku nne nilikuwa Pemba, na sikuuliza.