Chai ya Kumsahau Mama

Kwa muda mrefu niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yangu yote ya kidato cha nne cha masomo ya jioni, kwamba jeshini kuna chai ya kumsahaulisha mtu mama yake.

Sio chai ya depo. Ile ya mafunzo, niliambiwa, ni maji ya moto yaliyotishiwa majani. Chai yenyewe unaikuta kikosini, siku unayopokelewa, kabla hujatua begi. Unapewa kikombe cha bati, unakunywa, unasema asante afande, na hapo hapo mama yako anageuka kuwa mwanamke fulani tu anayeuza magimbi sokoni.

Habari hii niliipata kijiweni, stendi ya Kilosa, enzi naendesha bodaboda mchana na kusoma jioni. (Umeme ulikuwa ukikatika kiasi kwamba jiografia ya Afrika yote niliisoma kwa kupapasa. Mpaka leo Mto Nile naujua kwa kidole.) Mtoa habari alikuwa mwenyekiti wetu wa kijiwe, mtu ambaye hajawahi kukanyaga kambi yoyote lakini alilisimulia jeshi kana kwamba yeye ndiye aliyelizaa.

"Wewe unadhani askari wanakuwa wakavu hivi hivi?" alisema. "Wamenyweshwa."

"Acha uongo, mwenyekiti."

"Uongo? Ushahidi si unao mtaani kwenu?"

Na kweli ushahidi ulikuwepo. Kijana wa jirani yetu alikuwa amerudi likizo kutoka kikosini kwake, kifua mbele, buti zinang'aa mpaka kuku wanajitazamia. Alipita mbele ya mama yangu, aliyekuwa amekaa kibarazani anamenya magimbi, mama aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, akamwambia, "Jambo."

Jambo! Kwa watu wa kwetu mtoto anaweza kuvunja sahani, anaweza kufeli, anaweza hata kuuza baiskeli ya baba yake, na bado akasameheka. Lakini kumwamkia mama mtu mzima kwa jambo! Mimi nilikuwa nafuta pikipiki, kitambaa kikaniponyoka. Mama akaitika, "Sijambo, baba," akaendelea kumenya.

Tangu siku hiyo sikuhitaji ushahidi mwingine.

Shida ni kwamba mimi mwenyewe nililitaka jeshi. Nilikuwa nimesoma kwa ajili hiyo, na cheti nilipokipata nilikiweka chini ya mto nikakilalia mpaka kikachukua umbo la kichwa changu. Na nyumbani tulikuwa wawili tu, mama na mimi. Babu yangu aliletwa na mashamba ya katani kutoka mbali, ukoo wetu ukabaki huko nyuma alikotoka. Hapa Kilosa ukiniondoa mimi, mama hana wa kumwita mama. Nikimsahau mimi, amesahauliwa na dunia nzima.

Siku ya kuondoka nilimuuliza, "Mama, nikisahau kitu, utanikumbusha?"

"Umesahau nini tena? Soksi?"

"Hapana. Nasema tu."

"Nenda, baba. Ukiruhusiwa simu, unipigie."

Depo simu hazikuruhusiwa kabisa. Tulikimbia mchakamchaka mpaka nikahisi tumeshapita mpaka wa nchi jirani na kurudi. Chai yao nilikunywa bila wasiwasi, kwa kuwa nilijua siyo yenyewe. Halafu mafunzo yakaisha, tukapangiwa vikosi, na Mungu ana utani wake: nchi yote hii, na mimi nikaangukia kikosi cha upande wa Mikumi, jirani na nyumbani kiasi kwamba upepo ukikaa vizuri ningeweza kunusa soko la Kilosa.

Ndani ya lori wenzangu wapya waliimba. Mimi nilikuwa nafanya kinga. Mwenyekiti wa kijiwe alinifundisha kwamba ukikariri jambo mpaka liingie kwenye mate, dawa haiwezi kulifuta. Kwa hiyo njia nzima, nyani wamekaa pembeni mwa barabara wanatutazama kama wazee wa baraza, mimi nilikuwa nanong'ona: shikamoo mama, shikamoo mama, shikamoo mama.

Lori likasimama. Tukaamriwa kushuka na kujipanga. Mbele yangu akasimama sajenti meja, mtu mpana kama mlango wa godauni, mwenye masharubu yanayoweza kubeba kuku wawili bila kulegea. Akaniangalia. Nikabana visigino, nikatoa kifua, nikafungua mdomo kwa nguvu zangu zote:

"Shikamoo mama!"

Nawaambieni, tembo wa Mikumi waliacha kutafuna.

Sajenti meja hakupepesa. Aliyapapasa masharubu yake taratibu, upande mmoja, kisha wa pili, kama anayehakikisha bado yapo. Halafu akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Marahaba, mwanangu." Kisha akawageukia askari wa zamani waliokuwa wamesimama kivulini, akanguruma: "Jamani! Nimejifungua!"

Kicheko kilichopigwa pale kilitikisa bendera. Mmoja akauliza, "Wa kike au wa kiume, afande?" Mwingine, "Ana ndevu huyo, kakuchelewesha!"

"Koplo!" akaita sajenti meja. "Njoo umchukue mtoto. Mpe chai."

Mpe chai. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye buti.

Sasa nieleze, maana ndiyo desturi ya pale. Kila askari mpya hupewa mwenyeji, mkubwa mmoja wa seksheni yake, yaani lile kundi dogo atakalolala nalo na kufanya nalo kazi. Mwenyeji humpokea kwa chai aliyoipika mwenyewe, siyo ya jikoni kwa wote. Mgeni hunywa akiwa amesimama, begi mgongoni, na kikombe kikishakuwa kitupu ndipo mwenyeji humtua begi kwa mikono yake. Basi, umeshakuwa mtu wa pale. Sheria haisemi hivyo, lakini kila mtu anajua.

Mwenyeji wangu, koplo yule, alikuwa mtu mrefu mkimya, mtoto wa wafugaji waliohamia wilaya yetu kutoka kanda ya ziwa.

"Wewe wa Kilosa mjini?" akaniuliza akimimina. "Basi sisi majirani. Maziwa kwangu, magimbi kwenu. Kunywa, mdogo wangu."

Nikaweka mdomoni. Koo likashituka: kuna kitu humo kinachoma! Hii ndiyo yenyewe. Nikaifungia mashavuni, sikumeza.

"Nzuri?"

"Mmh."

"Sukari imetosha?"

"Mmh."

"Ongea basi, au kwenu ndiyo mnavyoshukuru?"

Nikageuka nikaitema kwenye maua, kikombe nacho kikamwagika chote. Nikasema tumbo. Koplo akakitazama kile kikombe kitupu, akanitazama mimi, akanitua begi. Lakini kila mtu aliona chai imekwenda kwenye maua.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilitegemea ukali, nikapata wema, na wema ndio uliokuwa unaniua. Koplo alinionyesha kukunja blanketi mpaka likawa kama tofali. Alinionyesha njia wanayopita tembo ili nisije nikawapigia saluti kwa karibu. Alinifungia mkanda wa begi ili usinikate bega, akanionyesha mahali pekee penye mtandao wa simu, kando ya tangi la maji. Na kila asubuhi alinimiminia chai, nami kila asubuhi nilikuwa na ugonjwa mpya. Akanipeleka zahanati ya kambi.

"Tumbo linauma ukinywa nini?" mganga akauliza.

"Chai, afande."

"Na ugali?"

"Ugali na tumbo wanapatana, afande."

"Maharage?"

"Hao ni ndugu kabisa."

Mganga akamwambia koplo, "Huyu mpe jembe, siyo dawa."

Wenzangu wa seksheni wakaanza kununa. Kukataa chai ya mwenyeji ni kusema sitaki kuwa wenu. Nilisikia mmoja akinong'ona kwamba labda mtoto wa mjini anaona kinyaa mkono wa mchunga ng'ombe. Hilo lilinichoma kuliko chai. Na koplo mwenyewe asubuhi moja aliniambia polepole, hanitazami, "Mdogo wangu, kama ni maziwa huyapendi, sema. Nitakupikia ya rangi."

Nikataka kulia. Lakini nifanyeje? Upande mmoja koplo, upande mwingine mama.

Halafu ikaja siku ya matembezi marefu na mizigo, tukielekea upande wa milima ya Vidunda. Ilinyesha mvua! Siyo matone, ndoo. Matope yalinivua buti moja, yakafikiria kuhusu la pili. Kwenye mwinuko mmoja niliteleza nikaanza kurudi Mikumi kwa makalio, na mkono ukanidaka kola. Koplo. Akachukua sehemu ya mzigo wangu akaongeza juu ya wake. Tulipofika juu, natetemeka meno yanapiga kwata, akatoa chupa ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akaninyooshea. Safari hii hakuniambia kunywa. Alinyoosha tu, macho pembeni, kama mtu aliyekwisha kuzoea kukataliwa.

Nikasema moyoni: mama, nisamehe. Nikanywa yote.

Jamani. Ile chai ilishuka ikiwasha taa kila chumba. Ilichoma koo, ikachoma kifua, vidole vya miguu vikaitana majina. Wenzangu walikuwa wananitazama, nilipogeuza kifuniko chini kuonyesha kimekwisha, yule aliyenong'ona akanipiga ngumi ya bega, akasema, "Karibu, mtoto wa sajenti meja." Koplo akacheka kwa mara ya kwanza.

Mimi nilikuwa nasubiri kusahau. Njia nzima ya kurudi nilijikagua kama mtu anayepapasa mifuko. Uso wa mama? Upo. Kikohozi chake cha asubuhi? Kipo. Namna anavyofunga kanga kwa hasira mteja akipunguza bei? Ipo. Nikaanza kupata matumaini kwamba kukariri kumefanya kazi.

Jumapili nikaenda kando ya tangi la maji kumpigia. Ikaita. Ikapokelewa. Nikasikia sauti yake, "Haloo?" na ile sauti ilinigonga kifuani, nikabana visigino pale pale, nikapiga kelele:

"Jambo afande!"

Nikasikia mlio kama wa kitu kuanguka. Simu ikakatika.

Nilikaa chini kwenye tope, simu ikaangukia pembeni. Imefanya kazi, nikasema. Nimemwamkia mama yangu jambo.

Koplo alikuwa anachota maji. Akaja mbio. "Vipi? Msiba?"

"Nimemsahau mama, afande."

"Umemsahau vipi na umetoka kumpigia?"

Nikamweleza yote: kijiwe, mwenyekiti, kijana wa jirani, mate, maua. Koplo alisikiliza ameshika ndoo. Nilidhani atakasirika. Akaweka ndoo chini, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitu chenye vidole vidole kama mguu wa bata, chenye udongo bado.

"Hii ndiyo dawa," akasema. "Inaitwa tangawizi. Nanunua Mikumi stendi."

Nikainusa. Ilikuwa yenyewe.

"Lakini nimesema jambo afande!"

"Tangu ulipoingia depo umeisema mara ngapi kwa siku? Ulimi nao ni kuruta, unafuata amri ya mwisho." Akaokota simu, akaifuta tope kwa shati lake, akanipa. "Mpigie tena. Anza na shikamoo. Na mwambie koplo wako anamsalimia."

Nikapiga. Ikaita sana. Hatimaye ikapokelewa, sauti ina maji maji.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba, afande wangu!" Na kicheko kikaanza tena, nikasikia na wenzake wa sokoni wanacheka nyuma. "Nimecheka mpaka simu ikaniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya magimbi. Nimeikausha kwa kanga. Hujambo, baba? Unakula?"

"Nakula. Mama, hukukasirika?"

"Kwa lipi?"

Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu chai, na kwamba hofu yangu yote ilianza siku ile kibarazani, kijana wa jirani alipompita na kumwambia jambo, na nikaona jeshi limemfuta.

Mama akasubiri watu wa sokoni wanyamaze.

"Yule?" akasema. "Mwanangu, yule kabla hajaenda jeshi alikuwa hanisalimii kabisa. Hiyo jambo ndiyo jeshi limemfundisha."