Msumeno wa Mkono wa Kushoto

Baba yangu alikuwa seremala Naro Moru, na mkono wangu wa kushoto ulimkera tangu utotoni. Kwetu hutoi kitu wala kupokea kwa kushoto. Ni kumdharau mtu. Kila nilipogusa msumeno wake alinifukuza, ati nitajikata. Niliondoka nimenuna, na nimenuna miaka arobaini.

Mwaka huu magoti yake yaligoma. Kitanda alichojitengenezea ujanani kiko juu mno, na mara mbili tulimwokota sakafuni. Nikasema nitamtengenezea kingine, cha chini, mimi mwenyewe. Kaka yangu alicheka hadi akapaliwa na chai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa tayari kulala kifudifudi.

Nilishuka Nyeri na kipande cha ubao wa saipresi ndani ya kiondo. Katika hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, muuzaji alinionyesha misumeno mitatu ya umeme, ile ya bapa la duara lenye meno. Wa kwanza, kitufe cha usalama kilifikiwa na gumba la kulia tu. Wa pili vivyo hivyo.

"Mathe, si ushike tu na mkono ya kulia kama watu wote?" akaniuliza, kana kwamba mimi ni mama yake.

"Ndio nijikate? Leta hiyo ingine, na uiweke kwa stima."

"Ati tuijaribu hapa? Hakuna mtu hujaribu."

"Basi niko na siku mzima."

Wa tatu ulikuwa na kitufe pande zote mbili, na meno yake yalikaa upande wangu, hivyo mstari niliuona wazi. Nilikata ubao pale mlangoni, wapita njia wakisimama kutazama. Sikupinda. Nikaununua msumeno huo.

Nyumbani tulimwekea Baba kiti uani. Sikumficha: nilishika msumeno kwa kushoto mbele yake, nikakata mguu wa kwanza wa kitanda. Niliogopa kuliko siku ya harusi yangu. Akauomba ule mguu, akapitisha gumba mahali nilipokata, akapima kona kwa pembemraba yake ya zamani. Alikuwa anatafuta kosa, namjua. Hakulipata.

Akachomoa penseli nyuma ya sikio. Nikanyoosha mkono wa kulia kuipokea, kwa heshima, kama alivyonifundisha. Akauruka mkono huo, akaiweka penseli katika wa kushoto.

"Kumebaki miguu tatu," akasema. "Piga mstari."