Mwaga Oili

Mwenzangu, kama hujawahi kusimama mbele ya ukuta mzima wa madumu ya oili katika duka la Guangzhou, basi kuchanganyikiwa bado hujakujua. Wiki iliyopita nilikuwa wilaya ya Haizhu, hatua chache kutoka mtaa wa Kangle, nikitafuta oili na filta za pikapu yangu ya dizeli iliyoko Dar es Salaam. Madumu ya dhahabu, ya fedha, ya bluu, kila moja linajisifu kwa maandishi makubwa. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, akanieleza hili na lile, kisha akaniuliza kama oili ya zamani huwa naimwaga mwenyewe au nina fundi. Kumwaga oili, kwa Kichina. Maneno hayo sikuwa nimeyasikia tangu nina miaka kumi. Nikaomba kiti.

Mimi nimekulia mji huu, usinione hivi. Baba yangu alikuwa wakala wa mizigo, na tuliishi mtaa wa Dengfeng, ghorofa ya sita bila lifti, juu ya duka la simu na mgahawa wa Mkongo mmoja aliyekaanga samaki tangu asubuhi. Kabla sijafika ngazi ya chini nilikuwa nimeshasikia Kiswahili, Kilingala, Kiarabu na Kichina, na harufu ya samaki imeshanikaa kwenye sare za shule. Wafanyabiashara wa Dar na Unguja walinunua vitenge, viatu na majiko. Baba alikusanya, akafunga marobota, akayapeleka bandarini Nansha. Kwa kazi hiyo alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, ya kijivu, yenye mngurumo ambao mama aliutambua ingali kona ya mtaa. Akiusikia tu, anainjika chai.

Kichina cha baba kilikuwa cha sokoni: bei gani, ghali mno, hakuna, kesho. Kilichobaki nilikuwa mimi. Nilisoma shule ya palepale mtaani, Kichina nikawa nakimimina kama maji, na baba akawa ananitembeza kila anakokwenda siku zisizo za shule. "Huyu ndiye ulimi wangu," aliwaambia watu, nami kichwa kilinivimba, wallahi. Mama alikuwa na mawazo yake. Alitaka nirudishwe Dar kwa bibi, nikasome madrasa, nikajue kuamkia wakubwa, nisije nikawa mtoto wa barabarani wa Kichina. Kila Ijumaa baada ya chakula walilirudia neno hilohilo, na kila Ijumaa baba alijibu, "Sasa mimi nitasema na watu kwa mdomo wa nani?" Nilikuwa nasikiliza nyuma ya pazia. Nilijua vizuri kabisa kwamba siku baba atakapoona ulimi wake haufai, mimi napandishwa ndege.

Mtu ambaye nilimtafsiria kwa raha kuliko wote alikuwa fundi wa pikapu. Gereji yake ilikuwa uchochoroni nyuma ya soko la vitambaa, kulekule Kangle, kibanda cha bati kilichobanwa na vyumba vya cherehani. Ukikaa pale unasikia vyerehani vinavyokimbia pande zote, na juu yake nyundo ya fundi. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayefanya kazi na kandambili miguuni. Baba alimpenda, na yeye alimpenda baba, na sijui walipendana kwa lugha gani, maana bila mimi hawakuweza kuulizana hata hali. Fundi alikunywa chai chungu kwenye vikombe vidogo kama vya kuchezea watoto. Siku ya kwanza baba alipoomba sukari, fundi aliguna kama aliyechomwa sindano. Safari iliyofuata tukakuta pakiti ya sukari juu ya boksi la spana, imefungwa kwa raba isiingie sisimizi, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Tena akiwa anakula nyama ya nguruwe, akituona tu analipeleka bakuli lake nyuma ya mlango, ananawa mikono kwa sabuni, kisha anatutolea njugu. Hakuna aliyemfundisha hayo.

Na oili! Baba alikuwa na imani yake kuhusu oili, na imani hiyo haikuwa na mjadala. Alinifundisha kutafuta herufi kwenye dumu kabla sijajua kusoma gazeti: S ni ya petroli, C ni ya dizeli, ukikosea hapo umeua. Alisugua tone kati ya vidole viwili, akalinusa, akafumba macho. Wateja wake wa kutoka nyumbani wakimwambia oili ya gari lake imekuwa nyeusi siku ya pili tu, aliwacheka: oili ya dizeli ikiwa nyeusi ndiyo inafanya kazi, inabeba masizi. Aliyatoa maji kwenye filta ya dizeli kila mwezi. Fundi ndiye aliyemkataza kutia maji ya bomba kwenye rejeta, akamwonyesha kutu iliyotoka, na baba akakubali kununua maji maalumu ya kijani huku akinung'unika. Lakini katika oili ya injini baba hakumwamini mtu yeyote chini ya jua, kwa sababu oili bandia ilikuwa imejaa sokoni. Alinunua madumu mwenyewe, akavunja lakiri mwenyewe, akamimina kwa mkono wake. Fundi alikuwa anamwaga ya zamani, anafunga filta mpya, anakaza nati, anakaa pembeni. Baba anamalizia. Wakishamaliza, chai.

Sasa sikiliza jinsi nilivyoharibu. Ilikuwa Jumamosi, joto la kunata shati mgongoni. Kulikuwa na konteina inayofungwa Nansha jioni ileile, na marobota ya mwisho yalikuwa tayari yamepakiwa nyuma ya pikapu, yamefunikwa turubai. Madumu mawili ya oili mpya yalikuwa kulekule nyuma, pembeni ya marobota. Baba aliisimamisha pikapu gerejini, injini bado inanguruma, na simu zake mbili zinaita kwa pamoja. Kuna mteja alikuwa anagombana na mwenye kiwanda mtaa wa pili. Fundi alikuwa anakuja huku akifuta mikono.

"Mwambie amwage oili na filta abadilishe," baba akaniambia. "Nakuja sasa hivi, tuondoke." Akakimbia.

Wewe Mswahili umeelewa. Kwetu mtu akisema anakwenda kumwaga oili, ana maana inatoka ya zamani, inaingia mpya, kila kitu. Hakuna anayesema kumwaga na kutia. Na siku ile, kwa haraka, baba alikuwa amemwachia fundi hata kumimina. Lakini mimi Kiswahili changu kilikuwa cha ghorofa ya sita, na nilikuwa najivunia kutafsiri neno kwa neno bila kupunguza. Nikamwambia fundi: baba anasema mwaga oili, badilisha filta. Fundi akaniuliza, "Kumwaga tu?" Nikafikiri. Baba hakusema kingine. "Tu," nikajibu, kwa sauti ya mtu mzima.

Fundi hakushangaa. Si alijua baba humimina mwenyewe? Akamwaga, akafunga filta, akakaza nati, akaingia chini ya lori la mtu mwingine. Baba akarudi jasho linamchuruzika, akauliza, "Tayari?" Nikasema, "Tayari." Taa ya oili kwenye dashibodi ilikuwa imekufa siku nyingi. Tukaondoka.

Injini ilianza kulia tukiwa juu ya barabara ya ghorofa, njia ya kusini. Kwanza kama mtu anayegonga sufuria, halafu ikapiga kelele moja mbaya, ikanoki. Kimya. Baba akashuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu. Alikitazama kile kijiti mbele na nyuma kama aliyetarajia upande mmoja uwe na huruma. Marobota yalichukuliwa na gari la kukodi, nasi tukavutwa na kamba mpaka gerejini.

Fundi alitoka mbio. Alipoona kijiti, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akasema kwa haraka, akinielekezea mimi kidole, si kwa ukali, kwa kutaka kueleweka tu: "Binti yako alisema mwaga tu. Nilijua oili utatia mwenyewe, kama siku zote."

Baba akanigeukia. "Anasemaje?"

Jamani. Wanaume wawili wazima wananitazama, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuwapatanisha isipokuwa mimi. Nikaiona ndege. Nikamwona bibi, madrasa, bakora, na Dar ambayo sikuijua.

"Anasema alisahau," nikasema. "Anasema samahani."

Baba alinitazama kwa muda. Kisha akamtazama fundi, akapumua, akasema polepole, "Mwambie hakuna neno. Mwambie kosa ni la haraka zangu mimi. Mwambie kesho nitakuja tunywe chai."

Hapo ndipo ningeweza kuponya, na hapo ndipo niliua kabisa. Nilifikiri kwa akili ya mtoto: wakiendelea kunywa chai pamoja, siku moja ukweli utavuja. Nikamgeukia fundi nikamwambia kwa Kichina safi, "Baba anasema hataki kukuona tena."

"Amesema hivyo?" fundi akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali. Akageuka na kandambili zake, akaingia ndani.

Kesho yake baba alikwenda peke yake, maana mimi nilijitia homa. Alirudi mapema mno. Akamwambia mama kwamba fundi alimwona, akageuka, akaendelea na kazi. "Ana aibu, maskini," baba akasema. "Tumpe siku." Mama akakaanga vitumbua, akavifunga kwenye kitambaa safi, nikatumwa mimi nivipeleke. Nilivigawa kwa watoto wa uchochoroni, vikaisha dakika moja, nikarudi na kitambaa kitupu. Amesema ahsante sana, nikawaambia. Baba akafurahi, akaenda tena wiki iliyofuata, akageuziwa mgongo tena. Baada ya hapo tukawa tunapeleka pikapu gereji nyingine, kwa kijana mmoja hodari ambaye hakuwa na muda wa chai na mtu.

Mwaka uliofuata nilirudishwa Dar kwa bibi vilevile. Mama alishinda. Wala haikuwa na uhusiano na oili.

Basi wiki iliyopita, nilipoinuka kwenye kiti cha yule mama wa miwani, nilikwenda kuutafuta uchochoro. Vyumba vya cherehani vimepungua, vingi vimefungwa milango ya chuma. Pale penye gereji pana duka la kukodisha pikipiki za umeme, sakafu nyeupe, hakuna hata doa. Nikamuuliza msichana wa dukani, nikamuuliza mzee wa tambi upande wa pili. Wananiuliza, jina lake nani? Ndipo nikagundua sikuwahi kulijua. Baba alimwita fundi, mimi nilimwita Shifu, neno hilohilo kwa Kichina, na mtaa ule kila mwanaume mwenye spana ni Shifu. Hata Dengfeng nilipopita, siku hizi Kiswahili unakisikia kwa kubahatisha, na wale wazee wa marobota wamerudi makwao, au wamelala makaburini. Waliomjua baba hapa hawapo wa kunisaidia kuuliza.

Nikampigia simu baba, nimesimama palepale barazani. Yuko Dar, anaumwa magoti, anashinda kwenye kiti akigombana na redio. Nilimwambia niko wapi. Nikamwambia, baba, siku ile fundi hakusahau. Mimi ndiye niliyemwambia amwage tu.

Baba akacheka! "Hilo nililijua siku ileile," akasema. "Nilimsikia fundi anasema binti yako, kwa Kichina chake, na kila muuza duka Guangzhou aliniuliza kama wewe ni binti yangu. Neno hilo nilikuwa nalijua kuliko neno la maji. Nilimwona amekuelekezea kidole, nikakuona umebadilika rangi. Nikasema basi, mtoto ameogopa, nisimwaibishe mbele ya mtu. Ndiyo maana nikakwambia umwambie kosa ni langu."

Nililia, sikufichi. Watu wa pikipiki wakawa wananitazama.

"Lakini kitu kimoja," baba akaendelea, sauti bado ina kicheko. "Sijawahi kuelewa kwa nini yule bwana alininunia. Nilimfanyia upole wote ule. Nilijiuliza miaka na miaka, labda kuna desturi yao nimeivunja."

Ningeweza kunyamaza. Ni mzee, anaumwa, na fundi hayupo. Nikamwambia. Neno kwa neno, kama nilivyomwambia fundi siku ile, kwanza kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili.

Nikasikia redio yake inazimwa.

"Na vitumbua?" baba akauliza.

"Havikufika, baba."

Nilisubiri aniambie hakuna neno, kama alivyozoea kuniambia maisha yangu yote, kwa vyombo nilivyovunja, kwa ndoa niliyoiharibu, kwa kila kitu.

"Niache kidogo, mwanangu," akasema, akakata simu.