Nasikia Mguu

Mimi ni mwanamke wa kelele. Waulize waliopita mikononi mwangu miaka ile taasisi ya taifa ya michezo ilipokuwa na kambi yake ya riadha hapa Machakos. Watakuambia sauti yangu ilifika upande wa pili wa uwanja kabla ya filimbi. Niliwafundisha wakimbiaji wa mita mia nane, na nilikuwa na kanuni nyingi kuliko mtawa. Sasa nimestaafu, nina wakati wa kuzifikiria, na mbili kati yake haziniachi nilale mchana.

Ya kwanza ilikuwa Kiswahili. Wanariadha walitoka kila pembe ya nchi, lakini kambi ilikuwa Ukambani, wapishi Wakamba, mlinzi Mkamba, na mimi mwenyewe Mkamba wa Muthetheni. Niliogopa kuambiwa napendelea watu wangu. Kwa hivyo ukitamka lugha ya mama ndani ya uwanja ulizunguka mara mbili zaidi, na aliyekucheka alizunguka nawe.

Ya pili ilikuwa mguu. Wakimbiaji wengi hukimbia na kifua, wakashangaa mbona pumzi inawaishia. Nilitaka wausikie mguu unavyogusa chini, unavyosukuma, unavyoondoka. "Sikia mguu!" nilipiga kelele kila asubuhi, hadi wapishi wakawa wananiigiza jikoni wakikoroga muthokoi. Aliyefanikiwa alitakiwa aje aniambie, "Kochi, nasikia," nami nilimpigia makofi.

Basi akaja msichana kutoka Kangundo, aliyejifunza kukimbia kwenye miteremko ya kahawa akipeleka maziwa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mpole, mtu wa kutazama chini mkubwa anapoongea. Wenzake waliniita Kochi. Yeye aliniita Mwaitu, mama yangu, kwa Kikamba. Kanuni yangu mwenyewe ilimtaka azunguke mara mbili, lakini nilijifanya sijasikia. Sikujaliwa mtoto. Nilimpenda yule msichana, na nililipenda lile neno kuliko saa yangu ya kupimia muda.

Majaribio ya timu ya taifa yalikuwa yamebaki wiki tatu, na hakukuwa na msichana kambini wa kumshinda. Jumanne moja niliwapa mita mia tatu, mara kumi. Baada ya ya sita alinijia ameshika kiuno.

"Mwaitu, nasikia mguu."

Nilimpigia makofi. "Hapo sasa! Si nilikuambia itakuja? Rudi haraka kabla haijapotea!"

Alinitazama kidogo, akatazama chini, akarudi kwenye mstari. Alikimbia zote nne zilizobaki, na ya mwisho ikawa ya kasi kuliko zote. Niliziandika kwenye daftari nikiimba.

Alhamisi alirudi tena. "Mwaitu, bado nasikia mguu. Sana."

Niliwageukia wengine. "Mnaona mwenzenu? Yeye anasikia sana. Nyinyi mnasikia nini, njaa?" Wakacheka. Na yeye alicheka kidogo, akakimbia.

Msomaji wa kwetu ameshafumba macho. Kwa Kikamba, kusikia na kuumwa hupita mlango mmoja. Mama yangu akitoka shambani hakuwa anasema mgongo unamuuma. Alisema anasikia mgongo, hata alipoongea Kiswahili na mwalimu wetu. Nimelelewa na sentensi hiyo, nimeichemshia maji ya kukanda tangu nikiwa darasa la tatu. Lakini pale uwanjani lugha yangu nilikuwa nimeifungia nje pamoja na ya kila mtu, na masikio yangu yalijua maneno yangu tu.

Jumamosi alianguka kwenye kona ya pili. Nilikuwa kwenye mstari wa kumalizia, na mfupa wa ugoko niliusikia ukivunjika kutoka huko. Alilia kwa Kikamba. "Woo, woo," alisema, yaani maumivu, na hakuna aliyethubutu kumwambia azunguke mara mbili.

Hospitalini alibaki ndani akifungwa plasta, nami nikaitwa na daktari. Aliinua ile picha ya mfupa kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha kistari chembamba pembeni mwa palipovunjika.

"Huu ufa si wa leo," alisema. "Ni wa wiki kadhaa. Hakuwahi kukuambia anaumwa?"

Nilielewa hapo hapo. Kabla hajaishusha ile picha nilikuwa nimeshaelewa yote: Jumanne, Alhamisi, mgongo wa mama. Mdomo wangu ukafunguka.

"Hapana," nikasema. "Hakusema."

Daktari aliandika. Taasisi ikanakili kutoka kwake, kwamba mwanariadha alificha maumivu. Kwetu anayeficha maumivu hakai kambini, na kitanda chake kilipewa mwingine hata plasta haijatolewa. Timu ikachaguliwa bila yeye. Baba yake alikuja kuchukua sanduku, akanishukuru kwa mikono miwili kwa kumtunza binti yake, akaniachia mfuko wa avokado za shambani kwake. Sikuweza kuzila, wala kumpa mtu. Zilioza dirishani nikizitazama.

Mguu uliunga vibaya, na hakukimbia tena. Miaka ilipita nami nikapiga kelele kwa wengine, ingawa "sikia mguu" sikuisema tena. Walipouliza kwa nini, niliwaambia mbinu zimebadilika.

Mwaka jana nikasikia anashona nguo katika kiwanda kimoja huko EPZ, Athi River. Nilikwenda. Nilimngoja getini saa ya chakula, kati ya wauza chapati na maharagwe, na wafanyakazi walipomiminika nje nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Mguu wa kulia ulichelewa kidogo kila hatua.

"Mwaitu!" alisema, akanikumbatia mbele ya watu wote.

Tulikaa kwenye benchi la mama wa chai. Aliniuliza kuhusu afya yangu, kuhusu mvua ya Muthetheni. Kisha aliona macho yangu yalipokwenda, akacheka.

"Usijali mambo ya mguu, Mwaitu. Hiyo ilikuwa makosa yangu. Kiswahili yangu ilikuwa mbaya. Nilikuwa nasema nasikia, kumbe watu wanasema naumwa. Ni hapa kazini nilifunzwa. Ningejua kusema vizuri, wewe ungenielewa."

Aliyabeba hayo miaka yote, na aliyabeba kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kujisamehe. Ningeweza kunywa chai yangu na kurudi nyumbani nimesafishwa. Nakiri nilitamani, na nilimeza mafunda mawili nikitamani.

Kisha nikaongea naye kwa Kikamba, mara ya kwanza tangu tujuane. Nilimwambia alisema vizuri, mara mbili, kama mama yangu mzazi alivyokuwa akisema. Nilimwambia kwamba daktari aliniuliza, na wakati ule nilikuwa nimeshaelewa, na bado nikakana. Kwamba yale yaliyoandikwa kuhusu kuficha yalitoka mdomoni mwangu. Nikamwomba msamaha.

Alikiweka kikombe kwenye benchi kikiwa na chai nusu. King'ora cha kiwanda kikalia, akasimama, akakaza kitambaa chake cha kichwa.

"Sawa, Kochi," akanijibu kwa Kiswahili. "Nimesikia."

Akavuka barabara na wenzake, akaingia ndani.