Farasi Niliyemwachia Mzee Masanja

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka hadi leo, na nikiikumbuka uso unanishuka. Ni siku ya mashindano ya sataranji pale Bariadi, mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia, na mmoja wao akatoa baiskeli iwe zawadi. Mimi baiskeli sikuitaka. Nilimtaka Kabula, na kura ikanipanga nicheze na baba yake, mzee Masanja, karani mstaafu wa stesheni ya Malampaka.

Nilifungua kwa ufundi, usinione hivi! Askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, kisha jirani yake nikamwachia mzee amle. Chambo tu. Akamla. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemnyang'anya farasi, naye anafuta jasho. Hapo nikajiambia: we, ukimfunga mzee huyu mbele za watu, Kabula utamsikia redioni. Nikajifanya sikuona, nikamwachia farasi wangu bure. Tukatoka sare. Nikampa mkono huku nimeinama, nacheka peke yangu kama mjinga.

Mzee hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Ng'wanawane, mwanangu, yule farasi umenipa wewe. Leo unanidanganya kwa heshima, kesho utamdanganya binti yangu kwa mapenzi. Jumapili njoo nyumbani tuanze upya, ucheze kweli."

Sikwenda. Aibu, mwanangu! Nilikimbilia shambani kupalilia, utadhani magugu ndiyo yaliyonikosea. Pamba ilipovunwa, Kabula akaolewa Lamadi, kwa wafanyabiashara wa samaki.

Nilikutana na mzee kwenye mizani ya pamba. Alinisalimu vizuri tu, kisha akasema, "Nilikungoja Jumapili tatu. Kila mara ubao nilikuwa nimeupanga, Kabula amekupikia." Nikainama kufunga gunia lililokwisha kufungwa.

Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Sawa, nami naongeza langu: kosa kubwa ni kuogopa kurudi kulirekebisha. Waheshimu wakubwa, lakini usiwadanganye ukaita heshima. Na anayekukemea kisha akakwambia "njoo", huyo hajakufukuza. Nenda, hata kama huna pa kuuweka uso.

Mungu akupe miguu ya kurudi ulikokosea, mwanangu, na ukifika, ukute ubao ungali umepangwa.