Oili ya Lori la Ukoo

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Nikinunua mchele natia mkono mpaka chini ya gunia. Mtu akinichekea sana asubuhi, najiuliza jana alinisema wapi. Tabia hii sikufundishwa na mama wala shule. Niliipata ndani ya kabini la lori, nimekaa kushoto kwa baba yangu, kazi yangu ikiwa ni kumchunga.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mashirika ya umma yalikuwa yanafungwa, na baba, aliyekuwa dereva wa shirika moja la usafirishaji, akarudishwa nyumbani pamoja na wenzake. Wakati huohuo bandarini Dar yalikuwa yanashushwa malori yaliyokwisha kutumika Ulaya na Ujapani, na mwenye uwezo aliruhusiwa kujinunulia. Ukoo wa mama yangu, wakulima wa mboga huko juu Mgeta, ukavuna miti yake, ukauza mbao, ukanunua lori moja la dizeli lenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ipate nguvu. Mlimani turbo ilikuwa habari kubwa. Lori likipanda limejaa kabichi, watoto walikimbia nyuma yake kusikiliza ule mluzi.

Kwetu Uluguru mtoto ni wa upande wa mama, shamba ni la upande wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Baba alikuwa mtu wa Kisaki. Pale mlimani alikuwa mume wa dada yao, mgeni wa kudumu, na lori alilopewa kuendesha halikuwa lake. Hakuna aliyemwambia hivyo usoni. Lakini akichelewa kurudi, mjomba hakuuliza kama amepatwa na tabu. Aliuliza lori liko wapi.

Mwanzoni lilikwenda vizuri. Shida ilikuwa moja tu, na mimi niliijua kwa sababu ndimi niliyekuwa nauza mboga sokoni mjini. Injini ilikuwa na bomba lake la kupumulia, na mdomo wa bomba hilo uliishia nyuma ya kabini, chini ya mbao za kwanza za bodi ya mzigo. Lilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya oili, na moshi ukapenya kwenye matenga. Wateja waliinua kabichi, wakainusa, wakairudisha. Bibi, mama yake mama, alilalamika sana, maana kabichi na karoti nyingi zilikuwa zake. Baadaye harufu ikakoma, wateja wakarudi, nami sikujiuliza imekoma kwa nini. Nikikumbuka hilo nakasirika mpaka leo.

Muda si mrefu oili ikaanza kuisha. Baba aliijaza kabla ya safari, na akifika mjini kijiti cha kupimia kilitoka karibu kikavu. Moshi wa bluu ukaanza kufuka nyuma. Mjomba akaniita kando ya banda la mbuzi.

“Oili haina miguu,” alisema. “Wewe ni mtoto wetu. Kaa naye kabini, uangalie anaipeleka wapi.”

Nikaangalia. Niliona baba anasimama Kilakala, mtaa wa pale mjini, kwenye nyumba ya dereva mwenzake wa zamani, kila tukishuka. Aliniambia nibaki garini, akashika dumu lililofunikwa kwa gunia, akaingia uani. Nilisema basi, hapa ndipo anapouza. Safari iliyofuata nikamfuata mpaka ukutani, nikachungulia. Dumu lilikuwa tupu wakati anaingia. Rafiki yake akamjazia oili, baba akatoka nalo limejaa, akafungua boneti akiwa amenipa mgongo na kuimimina yote kwenye injini.

Mwizi gani huyu anayeingia na dumu tupu na kutoka nalo limejaa? Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi. Niliona kwamba baba anajua injini inakunywa oili na anaficha, na mtu anayeficha ana jambo. Nilimwambia mjomba nilichokiona, kama nilivyokiona. Akatikisa kichwa.

“Kaiua injini, sasa anaifunika shuka,” alisema.

Akaamua kuja mwenyewe. Tukalipeleka lori kwenye gereji moja ya uani, Msamvu mjini. Fundi aliliwasha, akaliacha likinguruma, akalegeza kifuniko cha kuwekea oili. Kifuniko kikamponyoka na kurukia juu ya betri, na moshi mzito ukakifuata pamoja na matone ya oili yaliyomchafua shati.

“Ringi za pistoni hizo, mzee,” akamwambia mjomba. “Moto wa juu ya pistoni unapenya pembeni na kushuka kwenye oili. Ndiyo maana inapuliza hivi. Ishushwe injini yote.”

Mjomba akamgeukia baba. Hakupandisha sauti.

“Shemeji, tulikupa chombo kizima. Ikifunguliwa na ringi zikawa zimekufa, utaacha ufunguo. Kisaki treni inafika.”

Hapo nilielewa kilichokuwa hatarini. Mama angebaki, kwa sababu shamba ni lake. Sisi watoto tungebaki, kwa sababu ni wa ukoo. Angeondoka baba peke yake, na kifurushi chake. Nilimtazama, naye alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, anafuta vidole vilivyokwisha kuwa safi. Niliogopa sana.

Fundi akaanza kupanga spana. Huyu naye sikumwamini hata kidogo. Enzi hizo kila mtu mjini alikuwa na kisa cha injini iliyoingia gereji na pistoni nzuri ikatoka na mbovu. Nikavuta tairi bovu, nikalikalia karibu kabisa, macho kwenye mikono yake.

“Dada, utachafuka hapo,” akasema.

“Nitafua. Niambie kwanza. Lile bomba lililokuwa linatoa moshi chini ya bodi, mbona siku hizi halitoi?”

“Bomba gani?”

“Bomba la kupumulia. Zamani lilikuwa linanuka mpaka kabichi hazinunuliki. Sasa injini inapuliza kuliko mwanzo, na pale hakuna hata harufu. Moshi umehamia wapi?”

Fundi alitaka kucheka. Baba hakucheka. Alijilaza chini kwenye mchanga na kuingia chini ya gari, na fundi akamfuata na koleo. Tulisikia wakivutana na kitu. Walipotoka, fundi alikuwa ameshika gunzi la mahindi, jeusi, limelowa oili na kuvimba, limeviringishwa kitambaa. Lilikuwa limeziba bomba lote.

Injini ikawashwa tena. Fundi akakigeuza kile kifuniko juu chini, akakiweka juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikatetemeka tu, hakikuondoka. Akafunga mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa bomba, nao ukajaa taratibu, hata baba alipokanyaga mafuta.

“Kila injini hupumua kidogo,” akasema, sasa kwa adabu. “Hii ilizibwa pua. Pumzi ikakosa pa kutokea, ikasukuma oili kwenye sili, zile pete za kuizuia isivuje, na kuizuia isirudi kutoka kwenye turbo. Turbo ikaimwaga kwenye ekzosi, ndio ule moshi wa bluu. Ringi zenu bado zipo. Tubadilishe sili za turbo na kichujio cha hewa, basi.”

Nilidhani mambo yamekwisha. Mjomba alilichukua lile gunzi, akaligeuzageuza.

“Na nani anayeingia chini ya gari hili,” aliuliza, “kama si dereva wake?”

Baba alinitazama mimi, si mjomba, na macho yale nayaona hadi leo. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilikuwa ninapiga hesabu kichwani: anafaidika nini akiliziba?

Lori lilipotengemaa tulirudi mlimani. Mjomba aliubana ufunguo mfukoni na kumpa baba wakati wa kuondoka tu. Mzigo wa kwanza ulipakiwa, na bibi akapanda juu pamoja na kabichi zake, maana siku hiyo alikuwa na safari ya kanisani mjini. Tulipofika sokoni, mjomba akiwa amesafiri nasi kabini, bibi alishuka kwa hasira, ameshika kabichi moja mkononi. Akaninusisha mimi, akamnusisha mjomba.

“Nuseni! Nani kanitolea kizibo changu?”

Mjomba akainusa mara ya pili.

“Nilikitia mwenyewe, gari lilipolala pale kwangu. Gunzi zuri, nimelifunga na kitambaa lisichomoke. Kibuyu huzibwa, pipa huzibwa, nyie gari mnaliacha linatapika kwenye mboga za watu!”

Mjomba alicheka mpaka akashika tenga asianguke. Wachuuzi wakacheka. Mimi nilicheka, kwa nafuu niliyoipata. Bibi hakukemewa. Nani angemkemea? Siku ileile fundi akaunganisha mpira mrefu kwenye bomba, ukapita chini ya bodi mpaka nyuma kabisa, na kopo likaning'inizwa kukinga matone. Mboga hazikunuka tena. Mjomba akampa baba ufunguo mbele ya watu.

“Shemeji, yameisha,” alisema.

Baba aliupokea kwa mikono miwili. Hakucheka, na hakusema kwamba yameisha. Kesho yake asubuhi, kabla ya kufungua boneti, alisimama uani akaita mtu yeyote wa ukoo aje. Alikuja binamu yangu. Baba akachomoa kijiti, akakifuta, akakizamisha, akakitoa na kumwonyesha. “Njoo uone,” alisema. Akafanya hivyo kila safari, miaka yote mpaka lori lilipouzwa. Mjomba alimsihi aache, mwishoni kwa kuona haya, naye alijibu kwa upole kwamba chombo ni chao.

Baba ni mzee sasa. Nikimtembelea nampelekea sukari, mchele, na dumu dogo la mafuta ya taa. Anapokea, anashukuru. Baadaye, akitaka kumimina mafuta kwenye taa yake mwenyewe, nyumbani kwake, ananiita nikiwa jikoni.

“Njoo uone.”

Nami naenda, naangalia.