Kioo Nilichokifuta kwa Khanga

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya gundi, mwanangu. Hata leo nikiingia karakana yako hapa Kambarage nikakuta umekoroga ile ya kumimina kwenye mota, nasimama kwanza mlangoni. Hebu kaa hapo. Najua mwenye gari amepiga simu mara tatu tangu asubuhi. Atapiga na ya nne, hatakufa.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mkaidi kuliko wewe, na wewe unajijua. Nilijifunza kusuka mota kwa Mzee Jivan, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Shinyanga, ambaye Kisukuma chake kilitushinda sisi wenye lugha. Ukichelewa kazini, hata "mwangaluka" yake, salamu ya asubuhi, ilikuwa ya kukusema. Kazi yetu kubwa ilikuwa pampu za kuzama, zile zinazoshushwa kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kunyonya maji ili watu wapate kuchimba. Waya wa shaba ukishasukwa, tuliukausha ndani ya pipa lenye balbu zinazowaka, halafu tukamimina gundi ijae kila upenyo na kuganda, maji yasipate pa kupita. Ni kazi yako hii hii, ila wewe unazuia maji yanayopoza mota ya gari la umeme, mimi nilizuia maji ya shimo.

Mzee Jivan alikuwa na kipande cha kioo cha dirisha, kingo zake kazisugua zisikate mtu. Kabla ya kumimina, unaitoa mota kwenye pipa ikiwa ya moto, unafunika mdomo wake kwa kioo, unahesabu hadi mia. Kioo kikifanya ukungu, ujue unyevu bado umo ndani; yeye husema, "Bado inapumua," na mota inarudi kwenye pipa. Hata mara tano. Tulimcheka sana kwa kioo chake, akiwa hatusikii bila shaka.

Basi asubuhi moja akaja pacha wangu Kulwa, baba yako huyo, kutoka Rwamgasa alikokuwa anachimba. Pampu ya duara lao ilikuwa kwetu, maji yamejaa huko, wenzake wamekaa juu bure wiki nzima. Akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. "Doto, gari linaondoka saa kumi. Nifanyie basi, dada yangu."

Nilimpenda Kulwa, na bado nampenda, hata akinitania mbele ya wakwe. Nikaweka kioo. Kikafanya ukungu, mwembamba tu, pembeni. Mzee Jivan akauliza kutoka meza ya mbele, "Kioo kinasemaje?" Nikashika ncha ya khanga, nikakifuta. Nikamjibu kwamba ni kikavu.

Nikamimina. Gundi ikaganda ikang'aa vizuri mno, nikajisifu moyoni. Saa kumi Kulwa akaondoka na pampu yake.

Siku ya nne ikazima, watu wakiwa chini. Maji ya kule hayapigi hodi. Wenzake walipanda kwa kamba mmoja mmoja, na Kulwa, aliyekuwa ndani kabisa, akawa wa mwisho, maji yameshamfika kidevuni. Alitoka na buti moja. Alitusimulia mwenyewe alipoirudisha pampu, huku anacheka na kuomba chai, maana hakunidhania vibaya hata kidogo. Nikaenda kumchemshia.

Mzee Jivan akaibandua gundi kwa patasi, taratibu. Juu ilikuwa nzima, haina ufa hata mmoja. Chini kabisa waya ulikuwa umeungua mweusi, na unyevu bado upo.

"Maji haya hayakuingia," akaniambia. "Yalikuwemo. Kioo ulikikausha, ng'wanone, mota hukuikausha." Aliniita mwanangu kwa Kisukuma, wala hakupandisha sauti. Sijui alijuaje. "Nenda kamwambie ndugu yako."

Ndugu yako, anasema, kana kwamba ni jambo dogo. Nilikwenda hadi kwenye benchi alikokaa, nikamweleza yote, hata ile khanga. Kulwa alinisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akanisogezea kikombe chake. "Siku nyingine nikikuharakisha," akasema, "nifukuze." Nililia nikiwa nimekishika kile kikombe, wala sioni aibu kukuambia.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mota hiyo mezani kwako ni ya gari linaloshusha wachimbaji, imevujiwa na maji yake yenyewe ya kupozea, na waya umelowa. Kukoroga gundi bila kuingiza hewa unajua. Kumimina kwa uzi mwembamba upande mmoja, hewa itokee upande wa pili, unajua kuliko mimi, umesomea. Ninalokuomba halina darasa. Kipimo kikikuambia jambo usilolitaka, liseme kwa sauti, hata kama anayesubiri ni mtu unayempenda. Huyo hasa. Na anayekuharakisha mfukuze, baba yako ameshatoa ruhusa.

Kioo chenyewe hiki hapa, Mzee Jivan aliniachia. Kichukue. Mungu akujalie mikono isiyopapatika na ulimi usioogopa, na wote watakaopanda vyombo ulivyovitengeneza warudi kwao jioni. Baba yako hashuki tena shimoni, anahangaika na mbuzi wake kule Kishapu. Lakini gari hilo litashuka na baba wa mtu mwingine.

Haya, simu hiyo inaita tena. Ipokee, umwambie bado inapumua.